Sifa za Kisanduku Kitupu

Watu hukilaani bure kile kisanduku kitupu kinachotokea kwenye simu mahali palipotakiwa kuwa na herufi au kikatuni. Eti kinaharibu ujumbe. Kwa haki yake, kinastahili kutungiwa utenzi.

Chukua Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi. Mvuvi ametuma dagaa Mpanda. Mnunuzi anamjibu, "Mzigo umefika," na mwishoni anabandika bendera ya Tanzania. Kwenye simu janja yake bendera inapepea. Ujumbe uleule ukifunguliwa kwenye kompyuta ya Windows, kwa kawaida zinatokea herufi mbili kavu: TZ. Kwenye kitochi cha mvuvi ni visanduku tu.

Hakuna mwongo kati yao. Yunikodi, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, huipa kila herufi namba yake; kuchora ni kazi ya mfumo na fonti zake. Tena bendera haina hata namba moja ya kwake: ni T na Z za aina maalumu zilizokaa bega kwa bega, kila mfumo uamue wenyewe. Microsoft iliamua kutochora bendera za nchi. Kwa hiyo nchi nne zinazogawana ziwa hili husomeka TZ, CD, BI na ZM, kama lebo za magunia gatini.

Kisanduku nacho si mtoto wa mitaani. Ndani ya fonti ndicho umbo namba sifuri, kimekaa mbele ya A, kikingoja herufi ambayo fonti haiijui.

Na wajuaji je? Februari 2018, iPhone zilipokutana na alama moja ya Kitelugu, lugha ya India, programu za ujumbe zilijifunga na kukataa kufunguka. Mwaka 2015 ujumbe mfupi wenye maneno ya Kiarabu ulizifanya zizime na kuwaka upya. Kisanduku hakijamzimia mtu simu. Wako pia wanaojifanya wanajua: herufi "ba" ya hati ya Kiarabu, iliyotumika kuandika Kiswahili kwa karne nyingi, ina maumbo manne kulingana na jirani zake, lakini programu za zamani ziliziachanisha herufi kama wagomvi, pengine zikazipanga kinyumenyume. Hapo msomaji anapewa maandishi kamili yasiyosomeka. Kisanduku husema sijui, kikanyamaza.

Wataalamu wamekibandika jina la tofu, kile chakula cheupe cha soya. Google ikakitangazia vita kwa fonti ziitwazo Noto, yaani hakuna tofu. Mwaka 2016 zilitangazwa zikibeba lugha zaidi ya 800. Mnyonge gani hupigwa vita ya ukubwa huo?

Kule Ikola, mvuvi amevikodolea macho visanduku vyake, kisha akapiga simu.

"Umeniandikia nini hapa mwisho?"

"Bendera hiyo, kaka."

"Haya. Na hela?"