Meli Iko Kisumu, Kazi Iko Nakuru: Vipuri Vitano vya Kuheshimiwa

Ziwa Nakuru ni la magadi na mabaharia wake ni heroe. Lakini meli ya MV Uhuru ilipofufuliwa mwaka 2019 na kuanza tena kuvusha mafuta Ziwa Viktoria kutoka Kisumu hadi Port Bell, Uganda, mzigo wake ulikuwa umeshapita chini ya miguu yetu, ndani ya bomba. Kwa hivyo watu wa Nakuru tuna haki ya kuringa. Tuvihesabu basi vipuri vitano vinavyoibeba safari za majini na za mafuta, kuanzia wa mwisho.

5. Pini ya propela. Tuanzie kwa wadogo, boti za Ziwa Naivasha zinazotiwa petroli kwa mtungi. Kwenye injini ndogo, propela ikigonga kisiki, pini hukatika ili gia zipone. Wachumba, mapenzi ndiyo hayo!

4. Impela. Gugumaji likiziba njia ya maji, kigurudumu hiki cha mpira, kinachovuta maji ya kupoza injini, huzunguka kikavu. Fundi akifungua pampu anakuta mabawa yamejikunja na kuungua. Nahodha, kile kitundu kinachorusha maji nyuma ya injini si pambo. Kikinyamaza, zima! Picha za viboko zitasubiri.

3. Ribiti. SS William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikaja vipandevipande, na wapagazi wakabeba vipande hivyo hadi Ziwa Viktoria. Huko vikaunganishwa kwa ribiti, na meli ikaingia majini mwaka 1900. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Yaani meli ilifika kabla ya treni, kwa nguvu za shingo za watu. Anayelalamikia foleni ya magari pale Salgaa na awakumbuke hao.

2. Breki ya behewa. MV Uhuru, ya mwaka 1966, ina reli juu ya sitaha. Behewa la mafuta huingia melini na magurudumu yake. Behewa bovu, safari mbovu. Na kwenye kilomita 217 kutoka Nakuru hadi Kisumu, kupanda miinuko ya Mau ni kazi ya injini, ila kuteremka ni breki na dua. Breki kwanza, tafadhali.

1. Sili ya pampu. Huyu ndiye mfalme! Bomba la Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likaendelezwa kuja Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kutoka kwetu mafuta lazima yasukumwe kuikabili Mau. Mahali shafti inapotokea kwenye pampu, kinachozuia petroli isimwagike ni pete mbili zilizosuguliwa hadi zikalainika kama kioo: moja imetulia, nyingine inazunguka, springi inazibana, na katikati yake kuna utando mwembamba wa mafuta yenyewe. Chembe moja ya mchanga ikipenya, pete zinakwaruzika, petroli inaanza kudondoka, na pampu haina budi kuzimwa. Kipuri kinachoenea kiganjani kinaweza kuichelewesha meli nzima!

Kwa hivyo nawaomba wenye mabomba: sili zilizochakaa msizitupe. Wapeni wanafunzi wa ufundi hapa Nakuru, wazifungue kwa mikono yao.