Usifunue Sufuria: Mwongozo wa Supu ya Kuku na Matonge

Anza na kuku mwenye umri. Kuku wa kisasa aliyefika sokoni akiwa na wiki 5 au 6 mkaange. Kwenye supu huiva upesi na kusambaratika kabla mifupa haijatoa kitu. Ulizia mtetea wa kienyeji aliyechoka kutaga. Muuzaji akikusifia ulaini wa nyama yake, mshukuru, usogee kwa jirani yake. Wewe unataka kuku mgumu. Tishu zinazomfanya awe mgumu zina kolajeni, nayo ikipikwa taratibu hugeuka jelatini, na hiyo ndiyo inayoipa supu uzito mpaka midomo inanatana. Kwa hiyo kutupa miguu ni kosa kubwa. Ibabue, ichune, ikate kucha, itie sufuriani pamoja na shingo.

Firigisi itoe mapema uifiche. Nyumba nyingi zina mwenye firigisi yake, na sitaki supu yako iharibiwe na kesi mezani.

Maji yawe baridi, yamfunike kuku. Yakianza kuchemka engua povu, kisha punguza moto. Kama unatumia jiko la mkaa, toa nusu ya makaa. Hapa ndipo wengi hushindwa. Njaa itakuambia koleza. Usiisikilize! Maji yakitokota kwa fujo huyavuruga mafuta ndani ya mchuzi, supu ikatoka na ukungu. Yaache yachezecheze kwa saa 2 au 3, pamoja na kitunguu maji, tangawizi, kitunguu saumu na punje za pilipili manga. Karoti zingoje nusu saa ya mwisho. Chumvi nayo ije mwishoni, kwa kuwa mchuzi unapungua na ladha yake inazidi kukolea. Vile viungo vya mchemraba viache dukani: mtetea wako ana ladha ya kutosha. Na atakayechungulia jikoni kuuliza "bado?" mpe karoti amenye.

Sasa matonge. Kusini mwa Marekani, ambako chakula hiki kinapendwa sana, wapishi wamegawanyika: wapo wanaosukuma unga na kuukata vipande bapa, na wapo wanaoudondosha kwa kijiko. Mimi ni wa kijiko, na sibanduki. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 3 vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo. Sugulia humo vijiko 2 vya siagi, kisha mimina maziwa kidogo kidogo, yasizidi kikombe 1, ukikoroga kwa uma mpaka unga ulowe tu. Najua mkono uliolelewa na chapati utataka kukanda. Uzuie. Kukanda huimarisha gluteni, na tonge huwa la kutafuna badala ya kuyeyuka mdomoni.

Chota kwa kijiko, dondosha juu ya supu inayochemka polepole, funika, hesabu dakika 15. Usifunue! Sehemu ya juu ya tonge huivishwa na mvuke. Ukiuachia mvuke utoke, katikati hubaki mbichi. Mgeni akitaka kuchungulia, simama mbele ya jiko.

Atakayesema kuipenda supu kiasi hiki ni ushabiki tu, mwambie kwamba mwaka 2000 Stephen Rennard wa Chuo Kikuu cha Nebraska alichapisha kwenye jarida la Chest utafiti wa maabara kuhusu supu ya kuku ya familia ya mke wake. Ilipunguza mwendo wa aina ya seli nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe. Hiyo ni maabara, si tiba iliyothibitishwa kwa wagonjwa. Lakini mwenye mafua mpelekee bakuli hata hivyo.

Kamulia ndimu mezani, kila mtu kwa kiasi chake, na mle papo hapo. Matonge yakilala ndani ya sufuria hunywa supu yote usiku, kwa hiyo yanayobaki yatoe uyaweke kwenye chombo chake.