Ndugu Dhaifu wa Grande Barrière

Nasali Gisenyi, biashara yangu iko Goma, na katikati ni Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Rwanda na Kongo. Watu hudhani wanaonitesa ni maafisa wa uhamiaji. Wala. Afisa akishaiona jeto yangu, kile kikaratasi cha kuvukia, na kugonga muhuri, hana habari nami tena. Wanaonimaliza ni ndugu zangu katika Bwana.

Chukua suruali. Kanisani kwetu dada akija na suruali, mama mzee wa kanisa anamwita pembeni kabla hajaketi. Vuka mpaka, hatua chache tu, kuna kusanyiko ambalo suruali halina neno nayo, ila ole wake aliyesuka rasta. Ndiyo maana utawaona akina dada pale mpakani wakijifunga kitenge juu ya jinzi wakija huku, na kujitwisha kilemba wakienda kule. Mkoba wa mlokole wa mpakani umeshiba kuliko wa mchuuzi.

Sasa njoo kwenye bia. Primus ya Rwanda inapikwa hapa hapa Gisenyi, kwenye kiwanda cha Bralirwa kilichoanza mwaka 1957. Fungu la kumi la mfanyakazi wa kiwanda linapokewa kwa mikono miwili na vigelegele. Anayeionja tu hiyo bia anatengwa miezi mitatu. Nilimuuliza mzee mmoja inakuwaje, akanijibu kwamba pesa ikishaingia kapuni imeokoka.

Basi wenye kiu wamejitafutia dawa. Wa Gisenyi wanakwenda kunywa Goma, wa Goma wanakuja kunywa Gisenyi kando ya ziwa, na Jumamosi jioni wanapishana kwenye foleni wakipeana "Bwana asifiwe" bila kutazamana usoni.

Mimi bia inanipa kiungulia, siigusi. Ila mishikaki ya mbuzi iliyo mitamu inachomwa baa, nifanyeje? Nakaa, naagiza mishikaki na Fanta. Kumbe hiyo nayo ni kesi. Nimeambiwa namkwaza ndugu aliye dhaifu.

Nami nikaifungua Warumi 14. Huyo dhaifu wa Paulo ni mtu wa kula mboga tu, dhamiri inamsumbua, na Paulo anamkataza kumhukumu mwenzake anayekula nyama, kama anavyomkataza mla nyama kumdharau yeye. Dhaifu wa kwetu ana sauti ya kuzima spika, ufunguo wa kanisa uko mfukoni mwake, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Kila kitu kinamkwaza. Miwani ya jua inamkwaza. Kaptula ya kuogelea ziwani imemkwaza, tena ilikuwa imeanikwa tu kambani. Sijapata kuona udhaifu wenye nguvu kiasi hicho.

Mifuko ya plastiki je? Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na pale mpakani mchungaji na mlevi wote wananyang'anywa sawasawa. Inaudhi, lakini unajua kilichokatazwa ni nini na kwa nini. Orodha ya kwetu haijaandikwa popote, na inarefuka kila binti wa mwenyekiti anaporudi kutoka Kigali na mtindo mpya.

Na mambo hayakuanza hivi. Uamsho ulioshika moto Gahini, mashariki mwa nchi hii, miaka ya 1930, ulikuwa wa watu kusimama na kuungama dhambi zao wenyewe, hadharani. Sisi warithi tumeuboresha, tunaungama za jirani. Afadhali yetu hata hivyo, maana kule Uganda miaka ya 1970 walitokea Wazukufu, waliojiona wameamka kuliko walioamka, wakakataza hata kukopa. Hiyo naomba ichelewe kufika huku. Nina deni dukani.

Alhamisi nimeitwa mbele ya kamati kujieleza juu ya Fanta. Shahidi ni shemasi wetu, anayesema aliniona kwa macho yake nikiwa baa kule Goma. Sitamuuliza yeye alifuata nini. Nataka tu anirudishie hela ya zile Primus nne, kwa sababu alipoondoka kwa mlango wa nyuma, mhudumu bili aliniletea mimi.