Gari Limepewa Sapu

Mjomba, naandika haraka kutoka huku Leicester, Uingereza, kwa sababu gari lilifeli mtihani, likapewa sapu, yaani kurudia.

Lilifeli kwa kukosa maji. Si maji ya radieta, hayo hata mimi najua kuyaangalia. Ni yale ya kuoshea kioo cha mbele, yanayoruka ukivuta kikono cha waipa. Mkaguzi alivuta, hayakuruka, akaandika kosa kubwa. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nikamwonyesha mvua. Akaitazama, akanitazama na mimi, akasema ndiyo, ni mvua.

Mtihani wenyewe unaitwa MOT. Ulianza mwaka 1960 kwa magari ya miaka 10 kwenda juu, yakipimwa breki, taa na usukani. Siku hizi gari likitimiza miaka mitatu tu linaanza kupimwa, na kila mwaka linarudi. Ada ya gari dogo hairuhusiwi kuzidi pauni 54.85, hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni madaraja. Kuna kosa la hatari, ambalo ukilipata huruhusiwi hata kuliendesha kurudi nyumbani. Kuna kubwa, kuna dogo, halafu kuna ushauri, unaoandikwa kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya: pedi za mbele zinakaribia kuisha, bomba la breki limeanza kutu. Kwetu Tabata trafiki angelizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akaomba leseni. Mkaguzi huyu alikaa chini ya Vitz yangu na tochi kwa muda ambao hakuna daktari aliyewahi kunipa.

Na matokeo yanabandikwa mtandaoni, Mjomba! Kama ya mitihani ya taifa ya NECTA. Yeyote mwenye namba ya gari anaona lilifeli mwaka gani, kwa nini, na lilikuwa limetembea maili ngapi. Nikazifikiria zile yadi zetu za magari, ambako kila gari la mwaka 2004 limetembea kilomita elfu arobaini tu, na mwenye nalo alikuwa mwalimu wa kike wa Kijapani aliyelitumia kwenda sokoni.

Sasa hiyo kutu ya bomba la breki nani kaileta? Wao wenyewe. Baridi ikizidi, malori yanapita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Chumvi ya mawe, kwa tani. Sisi watu wa pwani tunahangaika kuyaficha magari yasilambwe na upepo wa bahari, hawa wanaitandaza chumvi kwa kodi ya wananchi, kisha wanakuita uje upimwe kutu.

Naam, nimesema Vitz. Najua mlivyoipokea ile picha niliyowatumia, nimeegemea gari nimevaa miwani ya jua bila jua. Mdogo wangu kanieleza kila kitu. Mjomba uliivuta simu karibu, ukaangalia, ukauliza, "Si Vitz hii?" Ndiyo, ni Vitz. Huku inaitwa Yaris na hii yangu imeundwa Ufaransa, naomba iheshimiwe angalau kwa hilo, lakini ukifungua boneti ni ile ile. Nimepanda ndege mbili kuja kuendesha gari la mwalimu wa chekechea.

Kosa la maji nililimaliza kwa dumu moja palepale. Ule ushauri wa pedi ndio uliokuwa na kazi. Gereji waliponitajia bei ya kuzibadilisha nikadhani wananitajia bei ya kulinunua gari. Nikaamua kuzifunga mwenyewe, mimi ambaye kwenye ufundi cheo changu kilikuwa mshika tochi.

Fundi wangu nikamkuta kwenye duka la mitumba ya hisani, amebanwa kati ya kitabu cha keki na historia ya wafalme. Kitabu cha ufundi cha Haynes, cha gari langu hasa, mwaka wake na injini yake. Jaladani gari limechorwa limefumuliwa, kila kiungo kinaelea peke yake hewani. Ndani kila kazi imepewa alama za spana: moja ni ya asiyejua kitu, tano mwachie mtaalamu. Kwenye ukurasa wa breki nikakuta alama ya kidole gumba, nyeusi ya oili. Mwenye kitabu wa kwanza alisimama hapo hapo, tena alisimama sana.

Huyo John Haynes alitoa kijitabu chake cha kwanza mwaka 1956 akiwa bado mwanafunzi, nakala 250, juu ya gari la Austin 7. Lakini hadithi mtakayoipenda ilitokea Aden, ng'ambo tu ya bahari yetu. Alikuwa huko na jeshi la anga, rafiki yake akawa na gari bovu, na kitabu cha kiwandani hakisomeki ila kwa fundi aliyesomea. Wakalifumua gari lote, wakalifunga upya, wakipiga picha kila hatua. Mwaka 1966 kikawa kitabu. Tangu hapo ikawa desturi ya kampuni yake: hakuna kitabu mpaka wamelifumua gari wenyewe. Mwaka 2020 kampuni ikatangaza kwamba magari mapya hayatatolewa tena vitabu vya karatasi, kwa hiyo mimi na Vitz yangu tumewahi.

Kasoro ya kitabu ni moja. Kufungua kunaelezwa kwa kurasa, nati kwa nati, na picha. Ukifika kwenye kurudisha, kinakwambia ufuate kinyume chake, basi. Angalau fundi wetu akimaliza akabakiwa na nati tatu mkononi, anakueleza kwa utulivu kwamba zilikuwa za ziada.

Kununua pedi nako ni maajabu. Sikubeba ya zamani ndani ya mfuko kama tunavyokwenda Gerezani kununua vipuri. Unataja namba ya gari, kompyuta inajua pedi zake. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi. Nilipoguna "duh" kwa bei, akainua kichwa: "Wewe natoka wapi, bwana?" Mzaliwa wa Jinja! Alifika kijana na wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Manispaa ya hapa Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Wakalisoma, wakaja. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea kama Kiingereza changu, na sijawahi kusikia kitamu kama kile. Nikaona undugu umekamilika, nikamwomba apunguze. Akacheka mpaka akakohoa. Hakupunguza hata senti.

Kazi nikaifanyia mtaani mbele ya nyumba. Msishangae, nalo lina sheria yake, ya mwaka 2005: kutengeneza magari barabarani kibiashara ni kosa, la kwako binafsi ruksa, mradi usiwape watu wa jirani sababu ya kukereka. Kwa sheria hiyo, mafundi wote wa Ilala wangelala ndani.

Kwetu ukifungua boneti tu, watu watano wamefika, mmoja wao anauza karanga na anajua kwa hakika kwamba tatizo ni plagi. Hapa nilifungua mpaka gurudumu, nikasubiri. Hakuna aliyekuja. Jirani alipita na mbwa, akaniuliza kama niko salama, akawa ameshafika kona kabla sijajibu. Mjomba, unakumbuka ulivyonishikisha tochi? Mkono unachoka, mwanga unahama, unafoka: "Unamulika mawinguni, gari liko huko?" Sasa nina tochi ya kuvaa kichwani, inamulika kila ninapotazama, na hakuna wa kumfokea. Giza lilipoingia nikajifokea mwenyewe, kwa sauti yako. Pazia la jirani likafunguka, likafungwa. Nikaikumbuka ile sheria ya kukereka.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni lazima irudi ndani. Unaisukuma taratibu kwa jiriwa ya mkono, jicho moja kwenye kikopo cha mafuta ya breki juu, maana yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi. Kitabu kinasisitiza ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Mara ya kwanza mguu ulizama mpaka chini, nikamtaja Mungu. Ya pili ikashika kidogo. Baadaye ikawa ngumu, nikacheka peke yangu mtaani.

Sapu gari limefaulu, cheti ninacho. Ila linalia upande wa kushoto nikikata kona, kwi-kwi-kwi, na kwenye kitabu sauti hiyo sijaiona. Nimekurekodia, utaipata WhatsApp. Tafadhali mpelekee yule fundi wako wa chini ya mwembe aisikilize, mwambie ni kushoto tu, kulia kimya. Akisema ni plagi usimlipe. Akisema kingine, ya soda naituma leo.