Barua kutoka Brighton: Ufukwe wa Kokoto

 

Uliuliza huu mji wa starehe wa Waingereza una nini. Una kokoto, Mjomba. Ufukwe mzima ni kokoto tupu. Mchanga huchungulia bahari ikipwa, kisha ukajificha. Kwetu Mwanza vijana wangekwishazipakia kwenye Fuso kabla ya saa nne asubuhi. Huku ni marufuku kuondoka na hata moja. Watu wanatandika taulo juu yake, wanalala, wanasema wamepumzika.

Kuogelea ni mchezo wa wabishi. Ipo klabu ya tangu 1860, na hata sikukuu ya Krismasi watu hujitosa baharini, wakatoka wekundu, wanacheka. Sisi ziwa letu ni vuguvugu mwaka mzima na tunaliogopa! (Haya, kichocho na mamba nao wana hoja yao.)

Samaki wa huku anafika mezani hana kichwa wala mwiba. Sasa nimeelewa kwa nini minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki. Lakini ukizubaa hata huyo humli: shakwe anashuka, anabeba kipande pamoja na chipsi, na anakutazama. Timu yao ya mpira inajiita kwa jina la mwizi huyohuyo. Hebu fikiria timu yetu ya Pamba ijiite Kunguru!

Juni kuna msafara wa baiskeli wa watu walio uchi, wazee wa rika lako wamo, eti kupinga magari na mafuta. Usimsomee bibi hapa. Mimi niliwaza sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, makundi ya Bagika na Bagalu yakigombea nani avute umati. Ngoma moja tu ya chatu kando ya gati lao la 1899, na baiskeli zote zingekosa watazamaji.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni vibanda. Upande wa Hove kuna vibanda vya mbao ufukweni, vidogo kama banda lako la kuku, vya kuwekea viti na birika. Kulala humo hakuruhusiwi. Kimoja huuzwa zaidi ya pauni 20,000. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 60.

Basi, kama kibanda cha ufukweni kina bei hiyo, huyo dalali anayekusumbua juu ya kiwanja chetu cha Igombe kando ya ziwa, eti kina miamba mno, mwambie hakiuzwi. Najua sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga ndani ya mita 60 kutoka majini. Nyuma ya hapo panatutosha. Hati mpe bibi azitunze mpaka nije.