Tawi la Mizani Mpya Kweli

Rejeo la kawaida katika Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ni kijifaili cha baiti 41: herufi 40 za utambulisho wa komiti na alama moja ya kumaliza mstari. Tawi ni rejeo tu, hivyo kufungua jipya hakunakili msimbo wowote, na urahisi huo ndio chanzo cha balaa. Tuseme vijana wa Mhunze, wilayani Kishapu, wanaunda programu ya mizani ya pamba kwa ajili ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Huanza na tawi "mizani". Hufuata "mizani-mpya", kisha "mizani-mpya-kweli", na usiku wa kuamkia msimu, "mizani-hii-ndiyo-yenyewe". Hakuna anayefuta. Kufuta kunataka mtu mwenye uhakika, na huyo alishakwenda Geita kutafuta dhahabu.

Ugomvi wa kwanza ni wa majina. Kwa kuwa kila rejeo ni faili, "pamba" haliwezi kukaa pamoja na "pamba/bei", maana jina moja haliwezi kuwa faili na folda kwa wakati mmoja. Kwenye Windows, matawi "Mwadui" na "mwadui" hugongana, na wenye kompyuta hulaumiana.

Marejeo yakifika maelfu, "git pack-refs" huyakusanya katika faili moja lililopangwa kwa alfabeti. Lakini kufuta rejeo moja humo ni kuliandika upya faili zima, hivyo anayesafisha ndiye anayelipa. Hiyo ni moja ya sababu zilizomfanya Shawn Pearce wa Google abuni reftable, muundo mwingine wa kuhifadhi marejeo, mwaka 2017. Git yenyewe iliipokea katika toleo la 2.45, mwaka 2024. Humo kufuta ni kuongeza tu taarifa kwamba rejeo limefutwa. Mwadui na mwadui hupatana. Pamba na pamba/bei bado hukataliwa.

Mtandaoni, itifaki ya zamani ya Git ilimsomea mteja orodha yote hata akitaka rejeo moja, kama mgeni wa Usukumani anayeulizwa habari za wazee, ng'ombe na mvua kabla hajasema kuwa amefuata chumvi. Itifaki ya 2, ya kawaida tangu 2020, humruhusu kutaja anachotaka, na bando la vijana wa Mhunze likapumua.

Amri "git fetch --prune" huondoa vivuli vya matawi yaliyofutwa kwenye seva, si matawi ya mwenyewe. Kwa hayo, "git branch -d" hugoma kama kazi haijaunganishwa, "-D" haiulizi. Komiti zilizopotea hivyo hubaki kwa kawaida siku 30 katika reflog ya HEAD, yaani kumbukumbu ya komiti ulizopitia, mradi uliwahi kuhamia tawi hilo kwenye mashine hiyohiyo.