Pongezi kwa Kuiheshimu Ganzi ya Bei Mbaya

Kwa Mheshimiwa Msimamizi Mkuu,
Vituo vya Huduma za Medicare na Medicaid,
Baltimore, Maryland,
Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KUIHESHIMU GANZI YA BEI MBAYA



Mheshimiwa, mimi ni mpwa wa mzee mmoja mwenye kadi ya Medicare, bima yenu ya wazee, na goti lililochoka. Goti lilipasuliwa asubuhi, jioni mzee akawa kwake anadai chai. Tangu siku hiyo nimekuwa karani wake, maana posta haikosi kuleta karatasi. Mojawapo imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Mjomba alitaka kuitupa. Nikamwambia, tulia mjomba, bili yenyewe iko njiani.

Chini ya mstari wa daktari, wa chumba na wa mashine, kulikuwa na mstari wa sindano ya ganzi, wenye tarakimu tatu kabla ya nukta. Mjomba akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kikoi, akaivaa tena.

“Ganzi? Si ndiyo hii waliyonichoma kwenye ufizi kule Tanga wakaning'oa jino?”

Nikamweleza kwamba ni ukoo mmoja. Ya jino aghalabu ni lidokeini, waliyoiunda Nils Löfgren na Bengt Lundqvist huko Sweden mwaka 1943. Ya goti ni mdogo wake, bupivakeini, aliyezaliwa hukohuko Sweden mwaka 1957. Hataza zao zilikwisha zamani, zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hata huko kwenu kichupa cha bupivakeini ya kawaida hununuliwa kwa dola chache. Ila mjomba hakuchomwa hiyo ya kawaida. Alichomwa bupivakeini iliyofungiwa ndani ya vipovu vya mafuta visivyoonekana kwa macho, vinavyoiachia dawa kidogo kidogo ili ganzi ikawie. Jina lake la dukani ni Exparel, mali ya kampuni ya Pacira. Mamlaka yenu ya dawa, FDA, iliiruhusu mwaka 2011, na kichupa cha mililita 20 kinapita dola 300.

Hapa ndipo pongezi zangu zinapoanza.

Tangu mwaka 2005, dawa anazochoma daktari mnazilipia wastani wa bei ya mauzo, kisha mnaongeza asilimia 6. Nilikaa na kalamu. Dawa ya dola 3 humpatia aliyeichoma nyongeza ya senti 18. Dawa ya dola 300 humpatia dola 18. Sisi tuliowahi kutafuta kiwanja kwa dalali tunaijua kanuni hii: anayelipwa kwa asilimia hakupeleki kwenye kiwanja cha bei poa, hata ukimwapia kwamba huna kitu. Tofauti ni kwamba dalali wetu hakusubiri sheria ya bunge.

Na bupivakeini ya kawaida hata hizo senti haizioni. Kwa kawaida imemezwa ndani ya malipo ya jumla ya upasuaji, pamoja na pamba na glavu. Lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2022, Exparel na wenzake wachache hulipiwa peke yao, juu ya malipo ya upasuaji wa kwenda na kurudi siku moja. Sababu iliyotolewa haina utani: mwaka 2022 pekee, dawa za jamii ya afyuni ziliua zaidi ya watu 80,000 nchini mwenu, hivyo mnataka daktari apunguze maumivu bila kuzigusa. Naunga mkono kwa mikono miwili. Nauliza tu kwa adabu: bupivakeini ya dola chache, nayo ni afyuni?

Mgonjwa naye hakusahauliwa. Kanuni ya Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na dawa wanazochoma, humtaka achangie asilimia 20. Kwa dawa ya dola 300 na nyongeza yake ya dola 18, mjomba anadaiwa dola 63 na senti 60, asipokuwa na bima nyingine ya kumkinga. Kwa ganzi.

Huenda vile vipovu vinastahili. Majaribio yaliyoipatia Exparel kibali yaliilinganisha na sindano isiyo na dawa, na ikashinda, kama ambavyo ganzi yoyote ingetarajiwa kushinda. Februari 2021 jarida la Anesthesiology likachapisha uchambuzi wa majaribio ambayo wapinzani walikuwa Exparel na bupivakeini ya kawaida katika kuziba mishipa ya fahamu. Tofauti ya maumivu ilikuwa ndogo mno kumfaa mgonjwa. Kampuni inapinga hitimisho hilo, na Aprili mwaka huohuo ikakishitaki chama cha madaktari wa usingizi kinacholimiliki jarida hilo. Mahakama ikaitupa kesi, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Nyinyi, kwa hekima, mliepuka ugomvi wote huo. Mlilipa.

Wazee wetu husema rahisi huvunja upishi. Nilidhani ni onyo kwa mnunuzi, kumbe ninyi mmeifanya sera. Matokeo yanaonekana: bupivakeini na lidokeini za kawaida zimekuwa wageni wa kudumu katika orodha ya FDA ya dawa zilizoadimika, kwa kuwa kiwanda nacho kina hesabu zake. Dawa ambayo haimletei mtu faida, nani atahangaika kuitengeneza?

Kwa hiyo naleta pendekezo. Pandisheni bei ya bupivakeini ya kawaida hadi dola 300. Uhaba utakwisha kabla ya mwezi kuandama, hospitali zitaipenda, mawakala wenye suti watairudishia sifa zake, na ninyi mtailipia peke yake kwa heshima zote. Dawa itakuwa ileile, ila itakuwa imepata adabu ya kuwa ghali.

Kama pendekezo hilo linakera, lipo jingine, na ni lenu wenyewe. Mwaka 2016 ofisi yako ilitaka kushusha ile nyongeza hadi asilimia 2.5 na kuongeza dola 16.80 zisizobadilika, dawa iwe ya bei gani. Kwa hesabu hiyo, sindano ya dola 3 ingempa daktari nyongeza ya karibu dola 17, ya dola 300 ingempa dola 24 na senti 30. Angebaki na sababu ndogo sana ya kuangalia bei na sababu kubwa ya kuangalia goti. Walionufaika na asilimia walipiga kelele, nanyi mkalirudisha faili kabatini.

Mheshimiwa, litoeni, na safari hii ganzi ya kawaida nayo muilipie peke yake. Vipovu vikiwa bora kweli, madaktari watavinunua hata pasipo asilimia. Visipokuwa bora, mjomba atabaki na dola nyingi kati ya zile 63.

Wako katika kuchangia asilimia 20,

Mpwa.